Nani Aliwasha Taa ya Mnara

Ukitaka kumjua Mama Dirisha, usimtazame usoni, maana usoni hana makuu: miwani, pini mbili kabana mdomoni, na kovu dogo la tetekuwanga karibu na sikio. Tazama juu ya mlango wa duka lake. Hapo pana ubao uliochorwa mnara mrefu wa mawe ya kijivu, na kileleni kabisa dirisha moja dogo linalowaka njano. Chini yake pameandikwa MAPAZIA YA KILA AINA. Kila pazia linalotoka mle dukani limedariziwa dirisha hilo hilo pembeni, kwa uzi wa njano, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Wateja wakimuuliza, huwa anajibu, "Hiyo taa yangu. Niliwashiwa nikiwa mdogo." Kisha anacheka, na mteja anacheka naye bila kujua wanacheka nini.

Mnara ule ulitoka kwenye gemu. Si haya ya siku hizi, mtu anatelezesha kidole kwenye simu mpaka macho yanamtoka. Lilikuwa gemu la kaseti, ile ya kuchomeka kwenye mashine, ikigoma unaichomoa, unaipuliza vumbi, unairudisha huku unamwomba Mungu. Jina lake halisi Mama Dirisha halijui mpaka leo, kwa sababu liliandikwa kwa herufi ambazo nyumbani kwao hakuna aliyeweza kuzisoma. Yeye na kaka yake waliliita Mnara, likaitika.

Mchezo wenyewe ni hivi. Vijitu viwili, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, vinapanda ngazi huku mawe yakiporomoka na popo wakiruka. Juu kabisa kuna mlango wenye matundu mawili ya funguo, moja kushoto, jingine kulia, na funguo lazima zizungushwe kwa pamoja. Na pale mlangoni mawe hayakomi, kwa hiyo kila kijitu kinadai mikono yote miwili ya mtu wake. Mtu mmoja atahangaika na pedi mbili za kuchezea mpaka akonde, hafungui. Lazima muwe wawili, tena wawili mnaojuana.

Kaka alikuwa na pedi ya kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mdogo wake alikuwa na ya pili, kitufe chake kimoja kimelegea, na aliipenda na ulegevu wake. Likizo nzima walipanda. Kaka akimwambia "ruka" anaruka, akimwambia "subiri" anasubiri. Siku walipoufikia mlango, kabla hawajapata nafasi ya kujaribu hata mara moja, mama yao akamshika mtoto wa kike paji la uso, akasema huyu anachemka. Asubuhi yake vipele vikatoka. Kaka alikuwa na mtihani mbele, ikaamuliwa mgonjwa apelekwe kwa shangazi asije akamwambukiza.

Alilia kwa ajili ya mlango, si kwa ajili ya vipele. Kaka akasimama mbali kidogo, kama alivyoambiwa, akanyoosha mkono juu. "Mlango haufunguliwi bila wewe na mimi," akasema. "Atakayefungua bila mwenzake, mkono wake ukauke." Na yeye akanyoosha wake, akala yamini kwa maneno hayo hayo, akapanda gari akiwa amejifunga shuka.

Aliporudi, mwembamba na mwenye madoa, jambo la kwanza alilofanya ni kuwasha mashine. Picha ya mwanzo ya Mnara aliijua kama anavyojua mlango wa chumba chake: usiku, mnara, dirisha jeusi juu. Siku hiyo dirisha halikuwa jeusi. Lilikuwa linawaka njano.

"Kaka! Njoo uone! Kuna taa!"

Kaka akaja akiwa na mkate mkononi, akatazama, akatafuna, akameza. "Ah," akasema. "Gemu limekuzoea. Lilikukosa siku zote hizi. Limekuwashia taa uione njia ya kurudi."

Mtoto wa miaka minane ukimwambia hivyo, unataka afanyeje? Aliamini. Tena hakuamini kwa akili peke yake, aliamini mpaka kwenye mifupa, kwamba kuna kitu hapa duniani kilihisi hayupo, kikamwashia taa. Watu wengi wanazeeka hawajaambiwa neno zuri namna hiyo.

Mlango hawakuufungua. Mara kaka ana mtihani, mara pedi imeharibika, mara "tukimaliza utamu utakwisha, tuache kwanza." Halafu kaka akaenda shule ya bweni, akaenda chuo, akaenda nchi za watu kutafuta maisha. Mashine ikabaki kwa mdogo mtu. Aliihamisha kutoka nyumba hadi nyumba ikiwa imefungwa kitambaa, kama mtu anavyohamisha mzee. Mara moja moja, akichoka na dunia, aliiwasha, akatazama ile taa ya njano, akasikiliza muziki wa mwanzo, akazima. Hakucheza. Kucheza kulikuwa kwa wawili.

Aliolewa na mtoto wa jirani wa utotoni, mchora mabango, mtu mpole ambaye mtaa mzima unamwita Brashi. Siku walipokuwa bado wanachunguzana, hadithi ya kwanza aliyomsimulia ilikuwa hiyo ya tetekuwanga na taa. Brashi alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, "Hadithi nzuri sana." Baadaye, alipofungua duka, ni Brashi aliyepanda ngazi akachora ule ubao, na alipofika kwenye dirisha alikaa muda mrefu na rangi ya njano mkononi. Mkewe alikuwa chini anamshikia ngazi, akadhani mume wake anatafuta rangi inayofaa. Alimpenda zaidi kwa kule kujali.

Walijaliwa binti mmoja, wanamwita Nyuki kwa sababu hatulii. Brashi ndiye aliyekuwa anamlaza, kwa wimbo ambao hakuna mwingine aliyeujua. *Lala mwanangu lala, ngazi zimekwisha, lala mwanangu lala, tumefika juu.* Mama Dirisha aliwahi kumuuliza, "Ngazi gani hizo?" Brashi akasema, "Za usingizi, mke wangu. Nimetunga mwenyewe." Ulikuwa wimbo wa kupanda na kushuka, mtamu, na Nyuki alikua nao kama alivyokua na meno yake.

Nyuki alipofikisha umri wa kushika pedi, akaanza kuomba. "Mama, tucheze lile la kwenye kitambaa."

"Lile la mimi na mjomba wako."

"Mjomba hayupo."

"Atakuja."

"Basi akija na mimi nitacheza?"

"Akija tutamaliza kwanza mimi na yeye. Tuliapa."

Mtoto aliomba mpaka akachoka, akaacha kuomba, akahamia kwenye simu ya baba yake kama watoto wenzake. Mama yake aliliona hilo na likamuuma, lakini kiapo ni kiapo. Ndivyo alivyolelewa. Na Brashi, alipomkuta binti amenuna, alimwambia mwenyewe, "Mwache mama na gemu lake, mwanangu. Lile la yeye na kaka yake."

Nakuomba uyakumbuke maneno hayo.

Sasa, kaka akapiga simu kwamba anakuja likizo, na safari hii ana uhakika. "Andaa mashine, mdogo wangu," akasema kwa ile sauti yake ya kujaza chumba. "Safari hii tunafungua mlango." Mama Dirisha alifurahi mpaka akakata pazia la mteja fupi kwa kiganja kizima, akalipa kitambaa mwenyewe bila kinyongo. Akaitoa mashine, akaifuta, akaijaribu. Picha ikawa inacheza cheza kwenye runinga. Akaona asibahatishe, akaifunga kwenye mfuko na kuipeleka kwa fundi redio aliyehamia mtaa wa pili, mtu wa ndevu na maneno mengi, ambaye alisifika kwa mitambo ya kizamani.

Fundi redio alipoiona kaseti alishika kifua. "Dada! Hili unalo? Mimi nimelisaka miaka, nikapata moja tu." Akakaza waya fulani, akawasha. Dirisha likawaka njano, na fundi akapiga makofi. "Na umelimaliza kabisa! Hongera. Sisi kwetu tulishindwa mlangoni."

"Hapana," akasema Mama Dirisha, akitabasamu. "Hatujamaliza bado. Tutamaliza Jumamosi."

"Mmemaliza, dada. Taa hiyo hapo."

"Taa inawaka likikuzoea."

Fundi redio akacheka, cheko la mtu aliyesikia mzaha mzuri. Halafu akamtazama usoni, akaacha kucheka. Aliinuka, akatoa kaseti yake kwenye sanduku, akaichomeka. Usiku, mnara, muziki ule ule. Dirisha jeusi.

"Yangu nimecheza tangu nywele zangu ni nyeusi," akasema taratibu. "Haijawahi kunizoea. Waliomaliza ndio walionieleza, ile taa inawashwa na mlango, dada. Mkifungua, inawaka, haizimiki tena mpaka ufute kila kitu uanze upya."

Mama Dirisha akauliza, "Mtu mmoja anaweza?"

"Hawezi. Labda awe na mikono minne."

Alitembea kurudi nyumbani ameukumbatia mfuko. Alipofika dukani alisimama chini ya ubao wake, akautazama, na kwa mara ya kwanza tangu uwekwe akaona haya. Miaka yote hiyo amejitangaza mbele ya mtaa mzima. Kila aliyewahi kulimaliza gemu lile akapita pale, alisoma ubao ule kuwa mwenye duka amemaliza. Na yeye ndani anasimulia wateja kwamba aliwashiwa taa. Na mapazia! Mapazia yake yalikuwa yananing'inia kwenye nyumba za watu kila upande wa mji, kila moja na uongo wa kaka yake pembeni, ameudarizi kwa mkono wake mwenyewe. Alichezewa shere, akaifanya shere hiyo alama ya biashara.

Alimwambia mumewe jikoni, huku Brashi anakuna rangi kwenye kucha. Alimweleza yote, fundi, taa, funguo mbili. "Niliugua, akanifungulia mlango kisogoni. Halafu akanidanganya kitamu namna ile. Angeninyamazia tu! Angesema sijui!"

"Pole, mke wangu," akasema Brashi. Akaendelea kukuna.

"Na alikuwa na mtu. Lazima alikuwa na mtu. Unadhani nani?"

"Nitajuaje?" akasema Brashi. "Mambo ya watoto hayo. Yameshapita."

Mama Dirisha akaamua. Hatamsuta kaka yake kwenye simu, wala hatamsuta mlangoni na mabegi mkononi. Atacheza naye. Atampa nafasi, na tena nafasi, aseme mwenyewe. Akisema, atamsamehe palepale, kwani damu ni damu. Hicho tu ndicho alichokitaka, kaka aseme kabla mlango haujafunguka.

Jumamosi mchana kaka akafika, kitambi mbele, zawadi nyuma. Alimnyanyua Nyuki, akampiga Brashi mgongoni, "Shemeji! Bado unapaka watu rangi?" na wote wakacheka. Walikula, wakazungumza. Kisha kaka akasugua viganja. "Haya. Iko wapi?"

Wakakaa sakafuni kama zamani, ingawa kaka alikaa kwa awamu, goti hili kwanza, halafu lile. Pedi ya kwanza kwake, ya pili kwa mdogo wake. Nyuki akajikunja kwenye kochi nyuma yao, mikono chini ya mapaja, kwa kuwa alijua haruhusiwi kugusa. Brashi akasema anakwenda kuchemsha chai.

Taa ya njano ikawaka kwenye runinga.

"Unaikumbuka hiyo taa?" akauliza Mama Dirisha.

"Nitaisahau vipi? Si ndiyo ulipotoka kwa shangazi, umejaa madoa kama kanga."

"Ulisema limenizoea."

"Lilikuzoea kweli," akasema kaka, na wala hakupepesa jicho. Hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza.

Wakapanda kidogo kujikumbusha, na mikono ikakumbuka. Akimwambia "ruka" anaruka, akimwambia "subiri" anasubiri, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alisahau hasira. Alikuwa na miaka minane, na kaka yake yuko ubavuni. Ndipo wakaufikia mlango.

"Huku hatujawahi kucheza," akasema, macho kwenye runinga. "Unajua kinachokuja?"

"Nitajuaje?" akasema kaka.

Neno hilo lilimgonga mahali, ila hakujua wapi. Hakupata muda wa kulifikiria, kwa sababu jiwe la kwanza lilianguka kutoka juu kabisa bila dalili yoyote, na kijitu chekundu cha kaka kilikuwa kimeshainama kabla jiwe halijaonekana. Cha kwake cha buluu kikapondwa. La pili likatokea kulia. Kaka alikuwa ameshahama kushoto. Vidole vyake havikudanganya. Mdomo ndio uliokuwa unadanganya.

"Una bahati leo," akamwambia.

"Mkongwe hafundishwi," kaka akajibu, akicheka. Hiyo ilikuwa ya tatu, na hakumpa nyingine.

Walirudia, akapondwa, wakarudia. Mwishowe kijitu cha buluu kikafika kulia, chekundu kushoto. "Kwa pamoja," akasema kaka, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha ambayo kweli ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililouma kuliko yote. "Moja, mbili…"

Funguo zikazunguka. Mlango ukafunguka, chumba kidogo kikaonekana, na vijitu viwili vikaketi chini ya taa vimechoka. Muziki ukaanza. Haukuwa ule wa mwanzo. Ulikuwa wa taratibu, wa kupanda na kushuka, mtamu.

Nyuma yao, kwenye kochi, Nyuki akaanza kuimba. Hakufikiri, aliimba kama mtu anavyopiga miayo akiona mwenzake kapiga. "*Lala mwanangu lala, ngazi zimekwisha…*" Halafu akashangaa. "Mama! Wameweka wimbo wa baba!"

Mama Dirisha hakugeuka mara moja. Aliusikiliza wimbo wa binti yake ukitoka kwenye mashine, noti kwa noti, mpaka ukaisha. Alipogeuka, Brashi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Kaka alimtazama Brashi. Brashi alitazama sakafu. Wazee wetu walishasema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuimbia mtoto alale.

"Mke wangu," akasema Brashi. "Tulikuwa watoto. Mvua ilikuwa inanyesha, tukaja kwenu, tukawasha…"

"Mlikuwa watoto," akasema. "Siku nakusimulia, ukaniambia hadithi nzuri sana, ulikuwa mtoto? Ulipokuwa juu ya ngazi unapaka lile dirisha, mimi nimekushikia usianguke, ulikuwa mtoto? Juzi jikoni, nilipokuuliza ni nani?"

Brashi akapiga hatua moja kuelekea mezani.

"Nilikusudia kukuambia," kaka akaingilia, akijaribu lile cheko lake. "Lakini ulifurahi mno na ile taa. Ningekuvunja moyo. Na huyu nikamwambia akae kimya. Miaka ikapita, ikawa haisemeki. Mdogo wangu, ni gemu tu."

"Ni gemu tu," akarudia. "Basi mngeniambia ni gemu tu, ningelicheza na mwanangu. Aliniomba mpaka akaacha kuniomba. Nimemnyima kwa ajili ya mkono wangu usije ukakauka, kaka. Na wewe," akamgeukia Brashi, "ukamwambia, mwache mama na gemu lake."

Brashi aliweka sinia mezani, akabaki amesimama mikono mitupu, kama mteja aliyekuja dukani akasahau alichofuata. Mama Dirisha hakulia. Alikuwa amedhani atalia, akakuta mahali pa machozi pamekauka, pamebaki aibu tu, aibu ya mtu mzima aliyetunza kwa zaidi ya nusu ya maisha yake zawadi ambayo hakupewa.

Akachukua pedi ya kwanza mkononi mwa kaka yake. Hakuinyakua, aliichukua, na kaka akaiachia. Picha ya mwanzo ilikuwa imerudi, mnara na ile taa yake ya njano. Aliitazama kwa muda. Bado ilikuwa nzuri, na akaichukia kwa kuendelea kuwa nzuri. Akatafuta lile neno la kufuta kila kitu, fundi redio alikuwa amemwonyesha lilipo. Mashine ikamuuliza mara mbili kama ana hakika.

"Dada, usifute," akasema kaka. "Hata kama ni hivyo. Ya utotoni kwetu yote yamo humo."

"Ya kwenu," akasema, akabonyeza.

Dirisha likawa jeusi.

"Nyuki. Shuka hapa."

Mtoto aliteleza kutoka kwenye kochi akiwatazama watu wazima mmoja mmoja, hajui nani amekosa. Akakaa pale alipokuwa mjomba wake. Mama yake akamwekea pedi ya kwanza mkononi, yeye akabaki na ya pili, yenye kitufe kilicholegea.

"Mbona giza juu?"

"Ndivyo linavyokuwa. Halijawashwa."

"Mama, nitakosea. Sijawahi."

"Kosea," akasema Mama Dirisha, na sauti ndiyo kwanza ikamkatika. "Kosea unavyotaka. Ila ukija kumaliza bila mimi, mwanangu, niambie."